Kusomea uwezeshaji wa tiba ya saikedeliki: Oregon, Colorado, cheti cha chuo au kliniki ya ketamini?

Wauguzi, washauri nasaha na wahudumu wa jamii wanaozungumza Kiswahili huko Marekani wananiuliza swali moja kwa namna nyingi. Wamesikia kuhusu dawa za saikedeliki, yaani zinazobadili fahamu, hasa silosaibini, ile kemikali ya uyoga unaobadili fahamu, na jinsi inavyojaribiwa kwa watu wenye sonona sugu na wagonjwa wa saratani waliolemewa na hofu ya kifo. Wanataka kujua wasomee wapi ili waweze kukaa na watu hao. Wengi huanza kwa kunitajia jina la shule na ada yake. Mimi ningeanzia kwingine. Kabla hujalipa senti, tazama una leseni gani ya kazi sasa hivi, na makaratasi yako ya uhamiaji yamefikia wapi. Mambo hayo mawili yataamua njia ipi itakufaa na ipi itakuponza, kuliko sifa ya shule yoyote.

Mwezeshaji hatoi dozi akaondoka. Kazi yake huanza siku kadhaa kabla, kwa kumsikiliza mtu, kumpima kama anafaa na kukubaliana naye mipaka. Siku yenyewe hukaa naye saa tano, sita au zaidi, mara nyingi bila kusema mengi. Baadaye humsaidia kuyapanga aliyoyaona na kuyapeleka kwenye maisha yake. Kujua dawa inavyofanya kazi mwilini ni sehemu ndogo ya hayo yote.

Oregon: mlango mpana

Wapiga kura wa Oregon walipitisha Hoja 109, iliyoruhusu huduma za silosaibini zenye leseni, mwezi Novemba 2020, na jimbo likatumia miaka miwili kutunga kanuni kupitia Mamlaka ya Afya ya Oregon. Maombi ya leseni yalianza kupokelewa Januari 2023, na kituo cha kwanza kikapata leseni Mei mwaka huohuo. Hakuna jimbo jingine la Marekani lililokuwa limefanya hivyo.

Masharti ya kuingia ni mepesi kuliko wengi wanavyodhani. Uwe na miaka 21, cheti cha sekondari au kinacholingana nacho, umalize mafunzo kwenye shule iliyoidhinishwa na jimbo, ufaulu mtihani na rekodi yako ya jinai ichunguzwe. Mafunzo yenyewe ni saa 120 za darasa na saa 40 za vitendo. Sharti la kuwa mkazi wa Oregon liliisha mwaka 2025 ulipoanza. Shahada haihitajiki, na hilo lilikusudiwa: waliotunga sheria hawakutaka kazi hii iwe ya madaktari peke yao.

Mteja naye hahitaji barua ya daktari wala ugonjwa uliothibitishwa. Akiwa na miaka 21 au zaidi, asiwe ametumia lithiamu (dawa ya matatizo ya hisia) ndani ya siku 30, na asiwe amewahi kugundulika au kutibiwa kwa hali ya kupotewa na uhalisia, anaweza kupokelewa. Kikao cha maandalizi hutangulia kwa siku moja au zaidi. Silosaibini huliwa hapohapo kituoni, isizidi miligramu 50, na mteja haondoki mpaka nguvu yake iishe.

Upana huo wa mlango una gharama yake. Oregon iliujenga mfumo wake nje ya tiba, kwa hiyo mwezeshaji haruhusiwi kutambua ugonjwa wala kudai kwamba anautibu. Kama wewe ni mshauri nasaha mwenye shahada ya uzamili na unataka kumtibu mtu aliyeathirika na vita, utajikuta unavaa kofia nyepesi kuliko uliyonayo. Pesa nazo zihesabu vizuri. Leseni ni dola 2,000 kila mwaka, juu ya ada ya maombi ya dola 150, ingawa kuna punguzo kwa wenye kipato cha chini na wanajeshi wastaafu. Kituo hulipa dola 10,000 kwa mwaka. Bima hailipi vikao, kwa hiyo gharama zote hizo huishia mfukoni mwa mteja, na anayeweza kulipa si yule unayemfikiria unapojiandikisha. Kaunti na miji mingi ya jimbo ilipiga kura kukataa vituo, na baadhi ya vilivyofunguliwa vimekwisha kufunga. Mtu anayekuahidi ajira ya haraka baada ya cheti cha Oregon hakuambii ukweli wote.

Kuna jambo jingine la kuangalia kwa makini, nalo ni saa 40 za vitendo. Darasa la kwanza la Oregon lilihitimu mapema 2023, kabla kituo hata kimoja hakijapata leseni, kwa hiyo wanafunzi wale hawakuweza kumwona mteja wa kweli akiwa chini ya silosaibini ndani ya jimbo. Walifanyia mazoezi kwenye kupumua kwa kasi, michezo ya kuigiza na mengineyo. Siku hizi vituo vipo, lakini shule hazilingani. Usiridhike kuambiwa "vitendo vimejumuishwa". Uliza ni watu wangapi utakaokaa nao wakiwa wametumia, na nani atakuwa chumbani pamoja nawe.

Colorado: saa nyingi zaidi, leseni mbili

Colorado ilifuata kwa Hoja 122, Novemba 2022. Leseni za wawezeshaji hutolewa na DORA, idara ya jimbo inayosimamia taaluma mbalimbali, na vituo vya uponyaji vinasimamiwa na Idara ya Mapato. Vituo vya kwanza vilipata leseni mwaka 2025, kwa hiyo huu ni mfumo mchanga uliopata bahati ya kuyaona makosa ya jirani kwanza.

Tofauti kubwa iko kwenye aina za leseni. Kuna mwezeshaji wa kawaida, anayefanana na wa Oregon, na kuna mwezeshaji wa kitabibu, ambaye tayari ana leseni ya afya au afya ya akili katika jimbo hilo. Huyu wa pili anaweza kuitumia silosaibini katika kutibu ugonjwa, ilimradi abaki ndani ya mipaka ya taaluma yake. Kwa mshauri nasaha au muuguzi bingwa wa afya ya akili mwenye leseni ya Colorado, hapa ndipo masomo yake ya zamani yanapohesabiwa.

Mafunzo ni saa 150 za darasa, saa 40 za vitendo, na kisha saa 50 za ushauri wa kitaalamu kabla ya kupata leseni kamili. Hizo 50 za mwisho ndizo ninazozithamini kuliko zote, na ndizo zinazonifanya niiweke Colorado mbele ya Oregon kwa yeyote anayeweza kuchagua. Kwa leseni ya mwanafunzi unakaa na wateja wa kweli, halafu unarudi kwa mtu aliyekutangulia na kumweleza kilichotokea.

Darasani utafundishwa kwamba mteja anaweza kutapika, kulia, kucheka, au kunyamaza saa tatu. Unaandika kwenye daftari. Kisha siku moja mwanamke aliyekaa kimya tangu asubuhi anakamata mkono wako kwa nguvu na kuanza kusimulia jambo alilotendewa akiwa na miaka tisa, jambo ambalo hakulitaja kwenye maandalizi. Je, unauacha mkono ushikwe? Mlikubaliana nini kuhusu kuguswa alipokuwa na akili zake timamu? Unamtuliza, au kumtuliza ni kumnyamazisha? Mwanamume mwingine anainuka anataka kutoka nje, anasema amepona, hahitaji tena kukaa. Ukimzuia kwa nguvu umemkosea, ukimwachia yuko barabarani. Majibu ya maswali haya hayapatikani kwenye slaidi. Yanapatikana kwa kufanya, kukosolewa na mtu unayemwamini, na kufanya tena. Jimbo lililolazimisha saa 50 za namna hiyo limeielewa kazi.

Colorado pia inaruhusu, kwa masharti, kikao kifanyike nyumbani kwa mshiriki, wakati Oregon silosaibini huliwa kituoni tu. Kwa mgonjwa asiyeweza kusafiri huo ni msaada mkubwa. Kwa mwezeshaji mpya ningeshauri asiukimbilie, maana nyumbani kwa mtu hakuna mwenzako chumba cha pili wa kumwita mambo yakiharibika. Leseni ya Oregon haikuruhusu kufanya kazi Colorado moja kwa moja, wala ya Colorado haikuruhusu Oregon. Utaomba upya, ingawa mafunzo uliyopata yanaweza kuhesabiwa.

Cheti cha chuo kikuu

California Institute of Integral Studies ya San Francisco, inayojulikana kwa herufi CIIS, ilianzisha cheti chake mwaka 2016, kabla majimbo hayajafungua milango. Kililengwa kwa watu ambao tayari wana taaluma: madaktari, wauguzi, wanasaikolojia, na wachungaji wa hospitalini. Janis Phelps, aliyekiasisi, aliandika mwaka 2017 kuhusu uwezo sita ambao mtu wa kazi hii anapaswa kuwa nao. Wa kwanza kwenye orodha yake ni kuweza kukaa na mtu kwa huruma bila kutetereka. Kujenga kuaminiana na mteja kunafuata, halafu uelewa wa mambo ya kiroho. Kujua dawa zenyewe kunakuja nafasi ya nne. Naropa, chuo cha Boulder, Colorado, nacho kina programu yake tangu 2022.

Hapa wengi hupotea njia. Cheti si leseni. Kinaweza kuwa na mafunzo ya kina kuliko kozi yoyote ya jimbo, na bado kisikuruhusu kukaa na mteja hata mmoja. Baadhi ya programu za vyuo zimeidhinishwa pia na majimbo, nyingine hazijaidhinishwa, na orodha rasmi ziko wazi kwa yeyote kuzisoma. Kwa mtu anayelenga kufanya kazi kwenye majaribio ya kitabibu, cheti cha chuo kina uzito, maana watafiti huangalia taaluma ya msingi kwanza. Kwa mtu asiye na leseni yoyote ya afya, ni pesa nyingi kwa mlango ambao hautafunguka.

MDMA na kilichotokea 2024

Kuna waliosomea tiba ya MDMA, dawa ya maabara inayojulikana mitaani kama ecstasy, wakitarajia iidhinishwe, na kisa chao kinafaa kuzingatiwa na kila anayechagua shule leo. Shirika la MAPS, lililoanzishwa na Rick Doblin mwaka 1986, lilifanya kazi miaka mingi kuipeleka MDMA kwenye tiba ya watu walioathiriwa na kiwewe. Mgonjwa alikaa na wataalamu wawili, vikao vitatu vya saa nane hivi, pamoja na vikao vya kuandaa na vya kufuatilia. Katika jaribio la awamu ya tatu lililochapishwa 2021, asilimia 67 ya waliopewa MDMA hawakuwa tena na vigezo vya ugonjwa, dhidi ya asilimia 32 ya waliopewa dawa bandia pamoja na mazungumzo yaleyale.

Pamoja na hayo, jopo la washauri wa FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, lilikutana Juni 2024 na wajumbe tisa kati ya kumi na mmoja wakasema ufanisi haujathibitishwa. Agosti ombi la kuiidhinisha MDMA likakataliwa. Mwezi huohuo jarida moja la kisayansi likaondoa makala tatu kwa sababu ya ukiukaji wa maadili kwenye kituo kimoja cha majaribio nchini Kanada, ambako wataalamu walivuka mipaka na mgonjwa.

Simulizi hii ina mafunzo mawili kwa mwanafunzi. Kwanza, usilipie mafunzo ya dawa ambayo bado haijapewa kibali kwa ahadi kwamba kibali kiko njiani. Pili, madhara makubwa yaliyoitia doa kazi hii yalitoka kwa waliokaa kwenye kiti cha mwezeshaji. Mtu aliye chini ya dawa hizi hawezi kukataa kama anavyokataa siku nyingine. Shule ambayo haifundishi kwa kina habari ya kugusa na kuguswa, ridhaa iliyoandikwa kabla, na namna mteja anavyoweza kulalamika, usiisogelee hata ikiwa na walimu mashuhuri.

Walioko Australia wana hali tofauti. Tangu Julai 1, 2023 daktari wa magonjwa ya akili aliyeidhinishwa anaweza kuandika MDMA kwa wenye kiwewe na silosaibini kwa wenye sonona isiyosikia dawa. Huko mwezeshaji hufanya kazi chini ya daktari huyo, kwa hiyo mafunzo ya maana ni yale yanayotambuliwa na timu unayotaka kujiunga nayo.

Ketamini, na suala la makaratasi

Muuguzi yeyote aliyewahi kufanya kazi kwenye chumba cha upasuaji cha hospitali ya wilaya, Tanzania au Kenya, anaijua ketamini. Imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO, na Marekani iliidhinishwa kuwa dawa ya usingizi mwaka 1970. Mwaka 2019 FDA iliidhinisha ndugu yake, esketamini ya kupulizwa puani inayouzwa kwa jina la Spravato, kwa sonona isiyosikia dawa nyingine. Mgonjwa huipata kwenye kliniki na kukaa chini ya uangalizi kwa saa mbili au zaidi. Anayemwangalia mara nyingi ni muuguzi.

Kitaaluma ketamini si saikedeliki ya jadi kama uyoga, na muda ambao fahamu hubadilika ni mfupi. Mafunzo yake hayana leseni moja ya kitaifa, kwa hiyo ubora wake unatofautiana sana. Ziko kliniki zinazomwekea mtu dripu na kumwacha na dari. Lakini kwa kundi moja kubwa la wasomaji wangu hii ndiyo njia ninayoiona salama, na sababu ni ya kisheria.

Silosaibini bado iko kwenye orodha ya kwanza ya dawa zilizokatazwa na sheria ya shirikisho. Oregon na Colorado zimeiruhusu ndani ya mipaka yao, lakini mambo ya uhamiaji hayaamuliwi na majimbo. Aprili 2019 idara ya uraia na uhamiaji, USCIS, ilitoa mwongozo kuhusu bangi: kufanya kazi kwenye biashara ya bangi, hata palipo halali kwa sheria ya jimbo, kunaweza kumnyima mtu uraia kwa kigezo cha tabia njema. Mwongozo ule ulihusu bangi, lakini sheria ya shirikisho inayoiweka bangi kwenye mashaka ndiyo hiyohiyo inayoukataza uyoga. Mtu ambaye si raia akikiri mbele ya afisa kwamba ameshika, amegawa au ametumia dawa iliyokatazwa, anaweza kujifungia mlango yeye mwenyewe, bila kushtakiwa mahakamani.

Kwa hiyo kama una ukaazi wa kudumu tu, au viza ya kazi, au kesi ya ukimbizi iliyo wazi, zungumza na mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kulipa ada. Kusoma darasani ni jambo moja. Saa za vitendo na leseni ni jambo jingine, maana hapo jina lako linaingia kwenye rekodi za jimbo kama mtu anayefanya kazi na silosaibini. Na kumbuka mteja. Mkimbizi wa Kongo anayesubiri uraia, na ambaye ungependa kumsaidia kwa lugha yake, anabeba hatari ileile akiketi kwenye kituo cha Oregon. Shule nyingi haziligusi suala hili kwa sababu wanafunzi wao wengi ni raia. Kwetu sisi linatangulia yote.

Ketamini iko kwenye orodha ya tatu na inatumika kihalali kwa agizo la daktari nchi nzima. Muuguzi mwenye kibali cha kazi lakini ambaye bado si raia anaweza kuijifunza kazi ya kukaa na mtu ambaye fahamu zake zimebadilika, akalipwa, bila kubeba hatari ile ya silosaibini. Uraia ukishapatikana, uzoefu huo ataubeba kwenda Colorado.

Walioko nyumbani wasijidanganye na kozi za mtandaoni. Kenya ina sheria yake ya dawa za kulevya ya 1994, Tanzania ina ya 2015, na nchi zote mbili zimo kwenye mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 unaoiweka silosaibini kwenye kundi linalobanwa zaidi. Cheti kutoka Marekani hakibadilishi hilo. Mwanasaikolojia wa Nairobi au Dodoma anayevutiwa na fani hii atafaidika zaidi akitia bidii kwenye tiba ya kiwewe, ambayo inahitajika leo na itakuwa msingi siku sheria zikibadilika.

Kwa raia asiye na taaluma ya afya, mwenye moyo wa kazi na akiba ya kuvumilia mwaka mmoja au miwili bila kipato cha maana, Oregon inafaa. Mshauri nasaha, mwanasaikolojia au muuguzi bingwa ambaye ni raia na yuko tayari kuhamia Colorado aende huko, achukue leseni ya kitabibu. Anayetaka utafiti aende chuoni. Ambaye makaratasi hayajakamilika aanzie kwenye ketamini.

Ukishachagua njia, ndipo jina la shule linapokuwa na maana. Mwaka 2023 shule moja iliyokuwa inafundisha kwa ajili ya Oregon ilifilisika wanafunzi wakiwa katikati ya masomo, wakiwa wameshalipa. Omba mkataba unaosema kwa maandishi ada itarudishwa vipi shule ikifungwa, nani atakamilisha saa zako za vitendo, na katika kituo gani. Kama hawawezi kukutajia kituo hicho kwa jina, shika pesa zako.